MCHORO USIOPIMWA USITIWE SAHIHI

Ndugu wanaushirika,

Mtaro wa msingi wa ghala letu kila mtu ameuona. Ghala tulilolikubali mkutanoni ni la mita 12 kwa mita 8. Tumechimba mita 24 kwa 16! Mawe yameishia katikati, na mvua zikianza mtaro utafukiwa. Watu wanamsema fundi. Kweli alikosea, lakini sisi wa kamati je? Tuliufungua mchoro mezani, tukatikisa vichwa, eti "vizuri, vizuri", tukatia sahihi. Hakuna aliyekuwa ameuelewa. Na kamba zilipovutwa tukafurahi: ghala kubwa bwana!

Kosa lenyewe ni dogo. Rula ya skeli ina pembe tatu, na kila ukingo una vipimo vyake. Mchoro wetu umeandikwa pembeni 1:50, maana yake sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya ardhi. Fundi akasomea ukingo wa 1:100, ambao sentimita 1 ndiyo mita 1. Basi mstari wa sentimita 24, badala ya kuwa mita 12, ukawa mita 24. Upana nao hivyo hivyo. Ghala likawa si mara mbili bali mara nne: mita za mraba 384 badala ya 96. Hizo bati tungezitoa wapi?

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, tunaijua aibu ya kushika gazeti juu chini na kujifanya tunasoma. Mchoro nao ni maandishi.

Kwa hiyo tunasema: mchoro wowote wa ushirika upimwe kwanza mbele ya mkutano, ndipo utiwe sahihi. Tena vipimo viandikwe kwa namba, na namba ndizo zifuatwe. Rula peke yake haitoshi. Karatasi ya A3 ikitolewa fotokopi ya A4, ule mstari wa sentimita 24 unabaki kama 17, na hapo hata ukingo wa haki utakudanganya.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wasomi. Mbona shamba tunaligawa kwa hatua na hatugombani?

Rula iko kwa Katibu. Jumamosi alasiri tutaupima mchoro upya hapo ghalani, kisha tuvute kamba. Kila shina lilete watu watatu, na kina mama wawemo, maana mawe mengi wamebeba wao. Njooni na penseli.

Katibu wa Chama, Tawi