Kutu ya diski za breki: Usishtuke, lakini usizembee

IKIWA nyumbani kwako kuna gari, hata kama ni kuukuu, bila shaka umewahi kuliosha Jumamosi jioni ili Jumapili familia iende kumwamkua nyanya ndani ya gari linalong'ara. Asubuhi unatoka na ufunguo mkononi, unatupa jicho kwenye magurudumu, na moyo unakupiga paa! Diski za breki zimegeuka rangi ya chungwa, kana kwamba gari lililala mtoni.

Je, uwaambie watoto washuke? Ama uende tu na kujitia hamnazo?

Kabla sijakujibu, hebu nikusimulie yaliyonipata Januari moja. Tulikuwa tumekwenda mashambani kwa basi kusherehekea Krismasi, nami nikaliacha gari nje ya nyumba jijini Nairobi kwa majuma matatu. Mvua ikalinyeshea itakavyo. Niliporudi na kuliondoa, breki zilikwaruza kwa sauti iliyowafanya watoto wazibe masikio. Sikungoja kuambiwa. Nilikwenda moja kwa moja hadi gereji.

Kijana aliyenipokea alichutama kando ya gurudumu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, diski zote nne zimekwisha," akaniambia. "Ukiondoka hivi, sitaki lawama."

Bei aliyonitajia ilikaribia karo ya muhula wa kwanza ya kifungua mimba wangu. Pesa zenyewe zilikuwa ndani ya mkoba, na tayari nilikuwa nimeufungua.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee aliyekuwa akinywa chai kando. "Hizo diski za nyuma umeziona wapi?" akamwuliza yule kijana. Kumbe gari langu, kama magari mengi madogo, lina diski mbili tu, za mbele. Nyuma ni dramu!

Mzee akanigeukia. "Binti yangu, zunguka hapa mtaani polepole ukifunga breki mara kadhaa, kisha urudi tuziangalie."

Nilifanya hivyo. Niliporudi, diski ziling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu, na ile sauti ilikuwa imetoweka. Karo ililipwa.

Sasa nikueleze nilichojifunza. Diski ya breki ni chuma cha kusubu. Sehemu inayobanwa na padi haiwezi kupakwa rangi wala mafuta, kwani breki hazitashika. Kwa hivyo chuma hicho kiko uchi. Kikikutana na maji, uwe umeosha gari, iwe ni mvua au umande tu, hupata kutu kwa saa chache. Wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu huiona mapema zaidi, kwa kuwa hewa ya bahari ina chumvi.

Kutu hiyo ya juu juu ni kama vumbi kwenye meza. Padi zenyewe huipangusa ukifunga breki mara chache. Haihitaji spea mpya, haihitaji dawa, wala haihitaji fundi.

Hata hivyo, fanya mambo kwa utaratibu. Kwanza, gari likiwa limesimama, kanyaga pedali ya breki. Ikizama hadi sakafuni, usiende popote. Hilo ni tatizo jingine kabisa. Ikiwa ngumu kama kawaida, ondoka polepole mahali pasipo na magari mengi wala mteremko, ukifunga breki kidogo kidogo mara kama kumi. Sauti itapungua, kisha itakwisha.

Ukimaliza kuosha gari jioni, liendeshe kidogo na ufunge breki mara kadhaa ili zikauke kabla hujaliegesha. Na ukipanga kuliacha kwa majuma mengi, liegeshe mahali tambarare, liwe kwenye gia, uzuie magurudumu kwa mawe na usivute breki ya mkono. Breki iliyobanwa kwa muda mrefu ikiwa na unyevu huweza kugandamana na diski au dramu. Ukirudi na gari likikataa kusogea, usilikamie kwa nguvu. Mwite fundi.

Lakini wahenga hawakukosea waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ipo kutu isiyopaswa kuchekewa, na dalili zake ni hizi.

Umeendesha gari siku nzima, na bado kuna mkanda wa kutu pale padi zinapopaswa kukamata. Hapo padi haigusi diski sawasawa.

Diski moja inang'aa, na mwenzake wa upande wa pili ana kutu. Huenda kifaa kinachobana padi kimekwama, na siku ya kufunga breki ghafla gari litavutwa upande mmoja. Hebu fikiria mtoto amekatiza barabara mbele yako.

Diski ina vishimo, au kutu inabambuka kwa magamba. Pedali inatetemeka mguuni ukifunga breki. Sauti ya kukwaruza haikomi hata baada ya kilomita kadhaa. Huenda padi zimeisha na sasa ni chuma kwa chuma.

Ukiona mojawapo ya hayo, nenda gereji siku iyo hiyo. Ila usiende kama kondoo. Kwenye diski yenyewe kwa kawaida hupigwa muhuri wa unene wa chini unaokubalika, kwa milimita. Mwambie fundi apime mbele yako na akuonyeshe namba hiyo. Ikiwa diski ni nyembamba kuliko hapo, usibishane naye, nunua mpya. Na ununue mbili, za kushoto na kulia, pamoja na padi zake. Kubadilisha upande mmoja ni kujitafutia balaa.

Neno kwa wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani. Gari hilo limekaa majuma kadhaa melini na bandarini, kwa hivyo usilikatae kwa sababu tu diski ni nyekundu. Omba kuliendesha, kisha uziangalie tena. Wenye magari ya haibridi nao wajue kwamba mota ya umeme husaidia kupunguza mwendo, hivyo padi hufanya kazi kidogo na kutu hukaa zaidi. Wazikague mara kwa mara.

Mwisho, yapo mambo ya kuepuka. Usipake diski mafuta ya taa, grisi wala oili ati kuzuia kutu. Kutu kidogo haitakuua. Breki zinazoteleza zaweza. Usimwagie diski maji baridi mara tu unapotoka safari ndefu, maana zinakuwa moto mno na huweza kupinda. Kwa sababu iyo hiyo usiziguse kwa vidole kabla hazijapoa.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kuwapakia watoto, chukua tochi umulike ndani ya magurudumu. Dakika moja yatosha. Ukiona rangi ya chungwa, tabasamu, uende polepole, kisha uangalie tena jioni. Ikiwa imetoweka, pesa zako zibaki mkobani. Ikiwa ingali pale, zitoe bila kinyongo, kwa kuwa hakuna karo inayolipiwa mtoto ambaye hakufika shuleni.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.