Mita Bubu na Transfoma Isemayo



Msimu uliopita, usiku wa kuchambua, taa zilizimika kijijini petu. Tulimaliza makonyo kwa kandili hata alfajiri. Mafundi walikuja kesho yake, wakaufuata waya nguzo kwa nguzo mchana kutwa, mpaka wakakuta tawi la mwembe limeulalia. Kulitoa ilikuwa kazi ya saa moja. Kulitafuta ndiko kulikokula siku nzima.

Tangu mwaka 2010 Pemba yapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, nasi twashukuru. Lakini umeme kutufikia sisi ni jambo moja, na habari zake kuwafikia wenye kuutunza ni jambo jingine.

Mita zetu za kulipa kabla zapokea namba, hazijibu neno. Ushahidi tuliuona mwaka 2024. Mita nyingi za tarakimu 20 duniani zilikuwa zikitumia namba zenye hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa ifike ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyorekebishwa ingekataa umeme mpya. Na kwa kuwa nyingi hazisikii kwa mbali, ilibidi zibonyezwe kwa mkono, nyumba kwa nyumba.

Wenzetu wa Italia walianza mwaka 2001 kuweka mita zisemazo, zikapita milioni 30. Habari hupita katika waya ule ule wa umeme mpaka kwenye transfoma, kisha kwa mtandao wa simu mpaka ofisini.

Wako wanachama wasemao kuwa mita ya namna hiyo ni jasusi. Hatuwacheki. Mita isomwayo kila saa yaweza kueleza lini nyumba imelala na lini haina mtu, na ni haki yetu kuuliza nani atazishika habari hizo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: tuombe kuanza na transfoma, si nyumba. Kila transfoma ya kijiji iwekewe chombo kidogo chenye kupeleka habari kwa mtandao wa simu umeme ukatikapo. Ikiwa transfoma ya shehia hii i hai na ya shehia inayofuata imekufa, fundi atajua pa kuanzia kabla hajatoka ofisini. Gharama yake ni ndogo kuliko kubadili mita zote, na siri ya nyumba ya mtu haiguswi. Lakini chombo kiwe na betri yake, maana mjumbe afaye pamoja na mgonjwa hapeleki habari.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwenye mti ulioinamia waya asingoje mvua, wala asiukate mwenyewe. Awaarifu mafundi mapema. Mficha maradhi kilio humfichua.

Tutaleta shauri hili katika mkutano mkuu ujao. Kila tawi lijadili kwanza, lije na neno lake, Inshallah.

Katibu