Mlinzi kwanza, rekodi baadaye
Wenye biashara hutuuliza: "Rekodi zetu za malipo tumezigawa kwenye seva kadhaa za Hadoop, na mtandao ni wa ndani. Si tuko salama?" Kwa maoni yetu, bado.

Hadoop ikiachwa jinsi inavyokuja haiitishi kitambulisho. Ukisema wewe ni mhasibu mkuu, inakubali tu. Yaani kibarua aliyeajiriwa jana akichomeka laptopu yake anaweza kusoma nani alilipa nini, na kwa namba gani ya simu. Hebu fikiria wakala anayempa mtu pesa kwa kutajiwa jina peke yake!

Dawa ni seva moja ya kusimamia utambulisho wa wote, mfano Active Directory, inayotumia Kerberos. Kila mtumiaji na kila huduma husajiliwa hapo. Ukithibitishwa unapewa tiketi ya muda, na neno lako la siri halipitishwi mtandaoni. Fundi achunge saa: seva zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida tiketi hukataliwa, na hapo wengine huudhika wakazima ulinzi wote. Msizime, rekebisheni saa. Wekeni pia seva ya pili, kwa sababu ya kwanza ikizimika hakuna anayepata tiketi mpya.

Kazi hii inachosha, hatukatai. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mlinde taarifa za wateja, kwa hivyo ifanyeni kabla rekodi ya kwanza haijaingia. Kama zimeshaingia, jaribuni kwanza kwenye seva za majaribio, si zile za kazi.