Msituambie tujiajiri na stima ya kuchaji simu

Wasee, kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Vijana wajiajiri." Sawa. Tujiajiri na stima gani?

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinilemea, nikarudi hapa Katangi nikafungua karakana nyuma ya nyumba ya mamangu. Vitanda, meza, milango. Nikapata randa ya mtumba Nairobi, mota ya kilowati 2.2, chuma tupu, bei poa. Fundi kuangalia kibati cha mota, akacheka. "Kijana, hii ni ya fezi tatu. Hapa kwenu iko moja."

Nikaulizia kuletewa fezi tatu. Makadirio niliyopewa yalipita bei ya hiyo randa mbali sana.

Msinielewe vibaya. Mwaka wa 2015 serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za ushago zilitoka kwa koroboi. Hiyo siibezi. Lakini ilipangwa kwa balbu na TV. Toka nje uangalie transfoma ya kwenu: kama waya za juu zinazoingia ni mbili tu, hiyo ni fezi moja, hata ulie. Halafu mnashangaa kwa nini mashine ya kusaga unga bado inanguruma na dizeli chini ya waya za stima.

Na mafundi wengine nao! "Weka tu kapasita." Mota itazunguka, ndio, lakini inapoteza kama theluthi moja ya nguvu na inachemka. Ukisukuma mbao ngumu, inakwama.

Kilichonitoa ni VFD, kidude kinachomeza fezi moja ya volti 240 na kutoa fezi tatu za 240. Soma kibati kwanza. Kikisema 240/415, mota inafungwa kwa delta na mambo yanaenda. Kikisema 415 peke yake kwa star, wachana nayo ama utafute wa kuifungua. Hakikisha VFD yenyewe imetengenezwa kupokea fezi moja. Usiweke swichi kati yake na mota, washia kwa VFD. Na msiichomeke kwa soketi ya ampea 13, jameni. Ivutiwe waya yake, na anayefunga awe na leseni ya EPRA. Si binamu yako.

Sasa kuna wajuaji wataniambia, "Si umepata suluhu? Acha kulia." Nimepata ya randa moja. Mwenye mashine ya kusaga ya nguvu ya farasi 20 hawezi kuipata hapo. Mchomeleaji anayetaka mashine tatu ziwake pamoja pia hawezi. Hao ndio wangeniandika mimi na wewe kazi.

Kwa hivyo kabla ya kusimamisha nguzo nyingine, mtu apite sokoni aulize wenye karakana: hapa mnataka kuzungusha nini?