Sweta la Dzaleka lipewe cheti chake

Baridi ya Juni na Julai inapoingia, sisi wa Area 49 hapa Lilongwe hutafuta sweta. Nawaombeni, wafanyabiashara wa mpaka wa Songwe na Kasumulu, pamoja na wenzetu mnaojiandaa kurejea makwenu, mlitazame vazi hilo kwa jicho la biashara.

Kitenge hufumwa kwa nyuzi za mtande na mshindio, kazi inayotaka kiwanda. Fundi cherehani hununua kitambaa kilichokwisha kufumwa, mara nyingi huko Asia. Sweta ni vitanzi vilivyoshikana. Fundi mwenye mashine ya mkono huanza na uzi akamaliza na vazi, chumbani mwake, na mashine yenyewe hubebeka kwenye basi. Wajapani wa Shima Seiki walionyesha mwaka 1995 mashine inayotoa sweta zima bila mshono, lakini msingi ni ule ule wa vitanzi.

Tofauti hiyo ina fedha. Kanuni ya SADC hutaka nguo itengenezwe kuanzia kwenye uzi ndani ya jumuiya ndipo ipate unafuu wa ushuru. Shati la kitenge cha China halipiti. Sweta lililofumwa kambini Dzaleka, wilayani Dowa, linapita, hata kama uzi umetoka nje.

Tatizo ni kwamba mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mijini warudi kambini. Fundi hawezi tena kulifuata soko apendavyo. Apewe kibali cha kusafiri, na bidhaa yake ipewe cheti cha asili. Nanyi wafanyabiashara, daini cheti hicho kabla ya kufunga mizigo. Ofisa wa forodha hatakisia sweta limefumwa wapi.