Gari la umeme lenye kasoro linarudishwa. Je, mchimbaji wa Kolwezi anaweza kukataa nini?

Siku ya kupokea gari jipya la umeme, wanunuzi wengi wa Ulaya na Marekani wanafika na orodha mkononi. Wanalizunguka gari polepole. Rangi imeshika sawasawa? Milango inafungana bila kuacha nafasi? Viti havina mikwaruzo? Betri inaingiza moto inavyotakiwa? Wakikuta kasoro kubwa, wanaweza kukataa kulipokea na kumwambia muuzaji alitengeneze ao awaletee lingine.

Tabia hiyo ina sababu. Mwaka 2020 kampuni ya utafiti J.D. Power ya Marekani ilihesabu matatizo 250 kwa kila magari 100 mapya ya Tesla, wakati wastani wa magari yote ulikuwa 166. Februari 2021 mkuu wa Tesla, Elon Musk, alikubali katika mahojiano na mhandisi Sandy Munro kwamba kasoro zinaongezeka wakati kiwanda kinapoongeza mbio ya kuunda magari. Mwaka huohuo General Motors iliyaita magari yake yote ya Chevrolet Bolt, zaidi ya 140,000, kwa sababu betri zake, zilizoundwa na LG, zingeweza kushika moto. Na Machi 2025 Tesla iliita Cybertruck zaidi ya 46,000 kwa sababu kipande cha pembeni kinaweza kung'oka gari likiwa barabarani.

Kwa anayeishi Musonoi, pembeni ya mashimo makubwa ya Kolwezi, habari hizi zinaweza kuonekana za watu wa mbali. Lakini betri za magari mengi ya umeme zina kobalti ndani, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka RDC, sehemu yake kubwa katika jimbo letu la Lualaba. Mnunuzi wa gari na mchimbaji wako kwenye mnyororo mmoja. Ndiyo maana inafaa kuuliza: kasoro ikionekana, nani ana haki ya kukataa, na nani anabaki na mzigo begani?

Nani anatakiwa kuleta ushahidi

Nguvu ya mnunuzi wa Ulaya haitoki kwa ukali wake. Inatoka kwa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu mauzo inampa mnunuzi wa kawaida ulinzi wa miaka miwili. Kasoro ikionekana ndani ya mwaka wa kwanza, inahesabiwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, na ni muuzaji anayetakiwa kuonyesha kinyume chake. Mnunuzi halazimishwi kuwa fundi wa betri ili ashinde kesi.

Kwetu pia sheria ipo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni msingi wa sheria yetu ya kiraia, inamfanya muuzaji ajibu kuhusu kasoro zilizofichika katika kitu alichouza. Na tangu Septemba 2012, RDC ilipoingia OHADA, mauzo kati ya wafanyabiashara yana masharti yake: bidhaa lazima ilingane na mapatano, na mnunuzi anayeona kasoro ya wazi ana mwezi mmoja wa kuitangaza. Kwa hiyo anayenunua gari Kolwezi ao Lubumbashi, la umeme ao la mafuta, asikubali kuambiwa kwamba akishapokea ufunguo mambo yamekwisha. Aandike kasoro kwenye karatasi ya kupokea kabla ya kutia sahihi, apige picha, abaki na kopi.

Shida yetu ni kipimo. Sheria inamsaidia mwenye uwezo wa kuonyesha kasoro. Asiye na chombo cha kupimia anabaki na maneno tu. Historia ya kobalti ya hapa kwetu inaonyesha hivyo waziwazi.

Siku kobalti ya Kolwezi ilipokwama

Novemba 2018, kampuni ya Katanga Mining, iliyokuwa mikononi mwa Glencore, ilitangaza kwamba KCC, kampuni yake ya pamoja na Gécamines, imesimamisha kuuza kobalti nje. Sababu: bidhaa ilikuwa na uraniamu kuliko kiwango kinachokubaliwa kupita katika bandari kubwa za Afrika. Karibu tani 1,500 za kobalti ziliguswa. Ilikuwa bidhaa mpya, imetoka kiwandani, na haikuweza kumfikia mnunuzi kwa sababu ya ubora wake.

KCC ilifanya nini? Ilihifadhi mzigo. Ikatangaza mpango wa kujenga kituo cha kuondoa uraniamu, kwa gharama ya dolari milioni 25. Mwaka 2019 ikaanza tena kuuza nje kidogo kidogo. Ilipoteza muda na pesa, lakini ilikuwa na ghala, maabara na benki, na mawe yake hayakuhesabiwa kuwa takataka.

Uraniamu katika udongo huu si jambo jipya. Mgodi wa Musonoi unajulikana kwa wanasayansi wa mawe wa dunia nzima: madini yenye uraniamu kama guilleminite na demesmaekerite yalielezwa mara ya kwanza mwaka 1965 kutokana na mawe yaliyotoka hapo. Na Julai 2024, wizara ya madini ilisimamisha kazi za COMMUS, kampuni yenye jina la Musonoi na ambayo ni ya Zijin ya China pamoja na Gécamines, baada ya mionzi kuonekana imepita kiwango katika madini ya kuuzwa nje.

Tuangalie kiwango hicho kinamlinda nani. Kinahusu mzigo unaosafiri. Kontena likipita kipimo, linasimamishwa. Lakini vumbi la mawe hayohayo linaingia katika nyumba za karibu na migodi, juu ya nguo zilizoanikwa na ndani ya sufuria. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha uchunguzi walioufanya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji, na watoto ndio walioguswa zaidi. Hakuna karatasi ya kupokea ambayo mama wa Kasulo ao wa Musonoi anaweza kukataa kuitia sahihi.

Metorex ni ya nani?

Twende sasa Musompo, kwenye madepo ya wanunuzi nje ya mji. Mchimbaji wa mikono, creuseur, ao négociant aliyemnunulia, anafika na mifuko. Mfuko unawekwa kwenye mizani. Halafu mnunuzi anachukua mashine ndogo ya mkononi, ile ambayo kila mtu hapa anaiita Metorex, anaielekeza kwenye mawe, na namba inatoka. Namba hiyo ni teneur, yaani kiasi cha kobalti katika jiwe, na ndiyo inayoamua bei. Unyevu pia unakatwa.

Mizani ni ya depo. Metorex ni ya depo. Orodha ya bei iliyobandikwa ukutani ni ya depo. Malalamiko kwamba mashine zinapunguza teneur yamesikika kwa miaka mingi, na Amnesty International iliyaandika katika ripoti yake ya Januari 2016. Kwa sheria, creuseur ni muuzaji na ana haki ya kukataa bei. Kwa matendo, amekwisha kulipa usafiri, ana madeni kwa aliyemkopesha chakula na vifaa, na depo la pili linamngoja na mashine ileile. Anachoweza kukataa ni kidogo sana.

Hapo ndipo tofauti na mnunuzi wa gari inapoonekana. Kule, mwenye bidhaa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ni nzuri, na mnunuzi ana njia ya kumpinga. Musompo, mwenye pesa ndiye anayetangaza kasoro, ndiye anayeipima, na ndiye anayekata bei.

Kukataa mchimbaji kabisa

Kuna aina nyingine ya kukataa. Baada ya ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo na vifo vya mashimoni, baadhi ya watengeneza magari waliona ni rahisi zaidi kuikwepa kobalti yetu. BMW ilitangaza mwaka 2019 kwamba itachukua kobalti moja kwa moja Australia na Moroko, ingawa ilishiriki pia mradi wa kurekebisha uchimbaji wa mikono hapa Kolwezi. Oktoba 2021 Tesla ilisema magari yake ya bei ya chini yatatumia betri za LFP, ambazo hazina kobalti wala nikeli. Mwaka 2024, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, LFP zilifikia karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme.

Kuwalinda watoto ni haki na lazima. Lakini mtengeneza gari anapoacha jiwe la creuseur, jiwe haliachi kuchimbwa. Linauzwa kwa bei ya chini zaidi, kupitia mikono mingi zaidi, na hatari ya shimo inabaki ileile.

Serikali nayo ilijaribu kukataa, safari hii kama muuzaji. Februari 2025, wakati bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dolari 10 kwa libra moja, ARECOMS ilisimamisha kobalti yote kutoka nchini kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, halafu kuanzia Oktoba 16 ikaweka viwango: tani 18,125 kwa mwisho wa 2025, na tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ya dunia ilipanda zaidi ya mara mbili. Hiyo inaonyesha kwamba RDC ikisema hapana, dunia inasikia. Ila kusubiri kunahitaji ghala. Kampuni ilihifadhi mzigo wake. Creuseur hawezi kuhifadhi njaa ya watoto wake kwa miezi saba.

Kinachowezekana

EGC, tawi la Gécamines, iliundwa kwa dekreti ya Novemba 2019 ili iwe mnunuzi wa pekee wa kobalti ya mikono. Ilichukua miaka sita kufika Novemba 2025, ilipotangaza tani zake 1,000 za kwanza zinazojulikana zilikotoka. Ni mwanzo mzuri. Lakini EGC ikiingia Musompo na mashine yake peke yake, creuseur atakuwa amebadilisha tu mtu wa kumtazama usoni.

Dawa ya kweli ni ya kawaida kabisa: kipimo cha pili. Kila mahali pa kununua pawe na mizani na Metorex isiyo ya mnunuzi wala ya muuzaji, chini ya CEEC, pamoja na wawakilishi wa kooperative. Namba itoke kwenye karatasi, na mwenye mfuko aondoke nayo hata kama hajauza. Akiwa na karatasi hiyo, anaweza kwenda depo lingine na kusema hapana.

Vilevile kwa vumbi na maji. Code ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Pesa hizo zinajenga shule na vituo vya afya, na ni vizuri. Sehemu ndogo tu yake ingeweza kununua vyombo vya kupimia vumbi, maji na mionzi, matokeo yakabandikwa kila mwezi kwenye ofisi ya kartie. Musonoi ingekuwa mahali pa haki pa kuanzia, kwa sababu udongo wake umepimwa tangu 1965 kwa faida ya wengine.

Mnunuzi wa Cybertruck alipata barua ya kumwambia kipande gani cha gari lake kina hatari. Wakaaji wa Musonoi nao wanastahili kuambiwa wanapumua nini.