Mahali pa Neno la Kukopa
Neno la Kiarabu likiingia katika Kiswahili hubadilika kwanza kwa sauti. Kiswahili hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo fikr limekuwa fikira na waqt limekuwa wakati. Badiliko kubwa zaidi hutokea kwenye sarufi. Kwa Waarabu wingi wa kitab ni kutub. Waswahili waliisikia ki- ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli yao wenyewe, wakasema vitabu. Mahali, lililotokana na mahall, limezama zaidi, tena kwa namna ya kustaajabisha: linatawala upatanisho wa pa-, ambao ni wa Kibantu kabisa, ndipo husemwa mahali pale pazuri. Vitenzi navyo hupokea viambishi vya Kibantu, kama katika safirisha na sameheana, ila hushikilia irabu zao za mwisho: enda la Kibantu hugeuka mwishoni kuwa haendi, lakini safiri hubaki hasafiri. Nambari za Kiarabu, sita, saba na tisa, zimekataa upatanisho. Husemwa watu watano, lakini watu sita. Anayekiita Kiswahili Kiarabu cha pwani hajaitazama sarufi hii.